Figo katika kituo cha afya, Lubumbashi: kipimo kipi kwanza, dawa ipi kwanza

Mgonjwa mwenye shinikizo la damu au kisukari anayefika katika kituo cha afya cha Katuba, Ruashi au Kampemba hulipia vipimo vyake kutoka mfukoni, na mara nyingi fedha aliyokuja nayo inatosha kipimo kimoja au viwili tu. Muuguzi au daktari anayempokea anajua kwamba figo huharibika bila maumivu, na kwamba uvimbe wa miguu, kichefuchefu na uchovu usioisha huja wakati sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea. Hana budi kuchagua, na uchaguzi wake una uzito, kwa sababu fedha iliyotumika vibaya leo ndiyo inayokosekana mgonjwa anapotakiwa kurudi.

Kigezo ninachotumia katika ulinganisho huu wote ni kimoja. Ugonjwa sugu wa figo hutambuliwa kwa kasoro iliyodumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo kipimo ambacho mgonjwa ataweza kukirudia baada ya miezi mitatu kina faida kuliko kipimo bora zaidi kitakachofanywa mara moja na kusahauliwa. Dawa nazo nazihukumu hivyo hivyo: je, mgonjwa huyu ataipata mwezi ujao, na je, tutaweza kumpima baada ya kumwanzishia?

Damu au mkojo

Ugonjwa una milango miwili ya kuutambua, na mmoja unatosha. Mlango wa kwanza ni kadirio la uchujaji wa figo lililo chini ya mililita 60 kwa dakika kwa mita za mraba 1.73 za mwili, ambalo hupatikana kutokana na kreatinini ya damu, taka ya misuli ambayo figo huitoa. Mlango wa pili ni alama ya uharibifu, hasa albumini, protini ya damu, katika mkojo inayofikia miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo. Kipimo cha damu kinaeleza figo zimebakiwa na nguvu kiasi gani ya kuchuja. Kipimo cha mkojo kinaeleza kama chujio lenyewe linavuja. Mtu anaweza kuwa na uchujaji wa 95 huku albumini ikimwagika kila siku, na mtu huyo ni mgonjwa ingawa kreatinini yake haina doa. Mwingine anaweza kuwa na mkojo safi na uchujaji wa 40.

Ukilazimika kuanza na kimoja tu, mimi ninaanza na mkojo kwa kutumia bandeleti, yaani kijiti kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi, kwa sababu tatu. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote, hakihitaji umeme wala mashine, na jibu linapatikana mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yako. Zaidi ya hayo, kuvuja kwa albumini huonekana mara nyingi miaka mingi kabla ya uchujaji kushuka, hasa kwa mwenye kisukari, yaani katika kipindi ambacho matibabu yana nafasi kubwa ya kusaidia. Lakini huku ni kuanza tu. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anastahili vipimo vyote viwili kila mwaka, na kama fedha haitoshi siku moja, ni afadhali bandeleti ifanywe leo na kreatinini ipangiwe siku ya kurudi kuliko vyote viwili kuahirishwa.

Kuna kundi moja katika mji huu ambalo kwao sikubali bandeleti peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipata viwango vikubwa vya kobalti na metali nyingine, kadmiamu ikiwemo, katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini katika Katanga. Kadmiamu huharibu mirija ya figo, na mirija iliyoharibika hupoteza protini ndogo ndogo ambazo bandeleti haizioni, kwa kuwa bandeleti imetengenezwa kuitambua albumini. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi ya kuyeyusha madini kwa miaka mingi asiambiwe kwamba figo zake ni nzima kwa sababu tu bandeleti haikubadilika rangi. Apimwe na kreatinini.

Namba ya kreatinini na kadirio la uchujaji

Maabara nyingi hurudisha kreatinini peke yake, pamoja na mipaka ya kawaida iliyochapishwa pembeni, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Chukua kreatinini ya 1.3 mg/dl, namba ambayo haimshtui mtu. Kwa mlinganyo wa CKD-EPI wa mwaka 2021, unaokadiria uchujaji kwa kreatinini, umri na jinsia, kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 25 aliye na namba hiyo ana uchujaji wa takriban 78. Mama mwenye umri wa miaka 65 aliye na namba hiyo hiyo ana takriban 46, maana yake amekwisha kuingia katika hatua ya tatu ya ugonjwa sugu wa figo endapo hali hiyo itathibitika baada ya miezi mitatu. Karatasi ya maabara inawaonyesha kuwa sawa. Kati ya kusoma kreatinini tupu na kukokotoa kadirio hakuna mashindano ya kweli: kukokotoa hakugharimu kitu, simu yoyote yenye kikokotoo cha mlinganyo huo inatosha, na kituo kisicho na intaneti kinaweza kubandika ukutani jedwali la umri, jinsia na kreatinini.

Zipo simu na mashine ambazo bado zinatumia mlinganyo wa zamani, wa mwaka 2009, na zinauliza kama mgonjwa ni mweusi. Ukijibu ndiyo, uchujaji unaongezwa kwa takriban asilimia 16. Kizidishi hicho kilitokana na takwimu za Wamarekani weusi, na utafiti uliofanyika Kinshasa na Abidjan na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hakitufai. Madhara yake ni dhahiri: yule mama wa miaka 65, ambaye mlinganyo huo ungempa 43 bila kizidishi, anapewa 50, na siku ya kumchunguza kwa makini inasogezwa mbele. Tumieni mlinganyo wa 2021, ambao hauulizi rangi.

Kreatinini ina udhaifu wake. Inatoka katika misuli, kwa hiyo mtu aliyekonda kwa njaa, kifua kikuu au saratani huonekana na figo nzuri kuliko alizo nazo, na kijana mwenye misuli mikubwa huonekana na figo mbaya kuliko alizo nazo. Sistatini C, kipimo kingine cha damu, haitegemei misuli kwa kiasi hicho, na kwa mgonjwa aliyekonda sana ingekuwa jibu sahihi zaidi, ingawa nayo huvurugwa na kasoro za tezi ya shingo, dawa za steroidi na uvimbe wa muda mrefu mwilini. Kwa kituo cha afya sishauri kuitafuta. Kreatinini mbili zilizopimwa katika maabara ile ile, miezi mitatu ikiwa katikati, huonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio tunaouhitaji.

Tahadhari moja hapa: kusubiri miezi mitatu ni kwa mtu ambaye hali yake imetulia. Aliyetoka katika malaria kali, kipindupindu au kutapika kwa siku kadhaa, akakutwa na kreatinini ya juu, huenda figo zake zimeumia ghafla. Huyo hurudiwa baada ya siku chache, na kama hakojoi hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Bandeleti na uwiano wa albumini

Uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo, unaopimwa maabara, ni bora kuliko bandeleti karibu katika kila jambo isipokuwa bei na upatikanaji. Unaona albumini kuanzia kiwango cha chini ambacho bandeleti hukikosa, na haupotoshwi na mkojo uliokolea au uliojaa maji, kwa sababu kreatinini ya mkojo husawazisha. Alama moja ya bandeleti inalingana na takriban miligramu 30 za protini kwa desilita, kiwango ambacho tayari si mwanzo wa ugonjwa. Mchimbaji aliyeshinda juani mwezi wa Oktoba bila kunywa maji anaweza kuonyesha alama moja bila ugonjwa wowote. Aliyekunywa maji mengi kabla ya kuja anaweza kuficha ugonjwa alio nao.

Hata hivyo bandeleti ikitumiwa kwa nidhamu inatosha wagonjwa wengi. Chupa yake ifungwe kila mara baada ya kutoa kijiti, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua huiharibu. Rangi isomwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Na mkojo wa kwanza wa asubuhi uchaguliwe kila inapowezekana. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na mazoezi makali hupandisha protini kwa muda, kwa hiyo asiandikwe mtu kuwa mgonjwa siku hizo. Damu inayoonekana kwenye bandeleti ina maswali yake, kichocho kikiwa mojawapo, na haitoshi kuitibu kama maambukizi ya kawaida kisha kuisahau bila kurudia kipimo.

Fedha ya uwiano wa albumini naitengea watu wawili. Wa kwanza ni mwenye kisukari ambaye bandeleti yake ni safi, kwa sababu kwake kiwango kidogo kati ya 30 na 300 kinabadilisha matibabu. Wa pili ni mwenye anemia ya selimundu, na huyu ananigusa sana, kwa sababu vipimo vyote vya kawaida vinamdanganya. Tangu utotoni figo zake hushindwa kukoleza mkojo, kwa hiyo mkojo mwepesi huificha albumini isionekane kwenye bandeleti. Na kreatinini yake huwa chini, kwa kuwa figo zake mwanzoni huchuja kupita kiasi na mirija yake huitoa kreatinini kwa wingi. Kijana wa selimundu mwenye kreatinini ya 0.9 anaweza kuwa tayari amepoteza mengi. Familia ambayo imelea mtoto huyo kwa taabu hadi akafika ujana inastahili kipimo kinachosema kweli.

Mgonjwa wa VVU naye anahitaji msomaji makini. Dolutegraviri hupandisha kreatinini kidogo katika wiki za kwanza kwa kuzuia utokaji wake kwenye mirija, bila kuharibu figo, kisha kreatinini hutulia. Tenofoviri, inayotolewa katika kidonge hicho hicho, inaweza kuharibu figo kweli. Kreatinini ikipanda kidogo na kusimama, subiri na urudie. Ikiendelea kupanda, au protini ikijitokeza, mpeleke kwa daktari wa matibabu ya VVU ili dawa ibadilishwe. Mgonjwa asiache dawa mwenyewe.

Kuhusu ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, nitasema machache, kwa sababu hapa mjini watu huikimbilia mapema mno. Figo ndogo huonyesha kwamba ugonjwa ni wa siku nyingi, lakini figo za kawaida kwa ukubwa hazimwondolei mtu ugonjwa, hasa mwenye kisukari au VVU, ambaye figo zake zinaweza kubaki kubwa huku zikifa. Ekografia ipewe nafasi ya kwanza kwa mzee anayekojoa kwa shida, kwa mwenye maumivu ya ubavu au damu kwenye mkojo, na kwa mwenye ndugu aliyekuwa na figo zenye vifuko vya maji. Wengine wote waweke fedha hiyo kwa kreatinini ya pili.

Enalaprili, losartani au amlodipini

Shinikizo la damu likishuka, figo hudumu muda mrefu zaidi. Hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka namba ya juu iwe chini ya 130 kwa watu wenye hatari kubwa, wakiwemo wenye ugonjwa wa figo. Mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, wa mwaka huo huo unataka chini ya 120, lakini kwa upimaji wa utulivu maalumu ambao vituo vyetu vyenye msongamano havifanyi kwa urahisi. Mimi nashika 130.

Dawa ipi ya shinikizo ifike kwanza? Tafiti mbili zinaonekana kupingana, na kuzisoma pamoja kunasaidia. Utafiti wa AASK ulifanyika Marekani kwa watu weusi ambao figo zao ziliathiriwa na shinikizo la damu, na mwaka 2001 ulionyesha kwamba ramiprili, ndugu wa enalaprili, ilichelewesha kuharibika kwa figo kuliko amlodipini. Utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo kuliko mchanganyiko wa perindoprili, ndugu mwingine wa enalaprili, na hidroklorothiazidi, dawa ya kukojoza. Wa kwanza uliuliza juu ya figo, wa pili juu ya shinikizo. Kwa hiyo mgonjwa asiye na albumini kwenye mkojo anaweza kuanza na amlodipini bila hofu. Mwenye albumini anahitaji enalaprili, lisinoprili au losartani kwa ajili ya chujio, na wengi watahitaji amlodipini juu yake ili shinikizo lifike mahali panapotakiwa.

Kati ya enalaprili na losartani, kinga ya figo inakaribiana, na kinachoamua ni mambo mengine. Enalaprili na wenzake huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya wagonjwa, kikohozi ambacho kinaweza kumfanya mtu atibiwe kifua bure. Na uvimbe wa ghafla wa midomo na ulimi, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu weusi. Losartani haina kikohozi hicho na humezwa mara moja kwa siku. Kaptoprili humezwa mara mbili hadi tatu kwa siku, na ratiba hiyo huvunjika mapema. Kama duka la dawa la karibu lina losartani kila mwezi, ninachagua losartani; kama lina enalaprili tu, enalaprili inayomezwa kila siku ni bora kuliko losartani inayokatika. Zote mbili kwa pamoja zisitolewe kamwe, wala hata moja kwa mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta, kwa sababu huharibu figo za mtoto tumboni.

Baada ya kuanza, kreatinini na potasiamu zipimwe kati ya wiki ya pili na ya nne. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 kunakubalika, na dawa isikatwe kwa hofu. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba siku za kuhara au kutapika aisimamishe hadi anywe na kula tena. Katika mji unaopata kipindupindu, maelezo hayo yanaokoa figo.

Dapagliflozini na empagliflozini, dawa zilizoanza kama dawa za kisukari, zimethibitishwa, katika tafiti za DAPA-CKD ya mwaka 2020 na EMPA-KIDNEY iliyofuata, kuchelewesha ugonjwa hata kwa baadhi ya wasio na kisukari, na huweza kuanzishwa uchujaji ukiwa 20 au zaidi. Anayeweza kuzinunua mwaka mzima apewe. Familia inayolazimika kuchagua kati yake na dawa za shinikizo, ianze na shinikizo. Kwa mwenye kisukari, metformini ipunguzwe uchujaji ukiwa chini ya 45 na isimamishwe chini ya 30, na glibenklamidi iachwe, kwa sababu hukaa mwilini na kuangusha sukari usiku.

Kile cha kuacha

Uamuzi wenye faida kubwa katika orodha yangu hauhitaji kununua kitu. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza kwa mtu aliyepungukiwa maji, zinaweza kuangusha figo kwa siku chache. Mtu wetu mwenye mgongo unaouma hununua vidonge hivyo kwa wauzaji wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, bila kuulizwa lolote, au huchomwa sindano ya diklofenaki kila wiki. Parasetamoli haina nguvu sawa kwa maumivu ya viungo, na si haki kumwambia mgonjwa kwamba ina nguvu hiyo. Lakini figo zake zitaistahimili. Mizizi na majani ya kienyeji yaulizwe kwa heshima, bila kumkaripia mtu, kwa kuwa anayekaripiwa huficha, na baadhi ya mimea huua mirija ya figo.

Kuhusu chakula, chumvi ndiyo ya kwanza: chini ya gramu 5 kwa siku, na hapo makayabu, samaki wakavu wenye chumvi na vipande vya kiungo cha mchuzi vina lawama kuliko bukari (ugali) yenyewe. Sombe (kisamvu), maharagwe na ndizi zisikatazwe kwa kila mgonjwa wa figo. Zipunguzwe potasiamu ikipimwa na kuonekana imepanda.

Kubaki kituoni au kupelekwa kwa mtaalamu

Mgonjwa mwenye uchujaji wa 45 au zaidi, protini kidogo na shinikizo linalotii dawa hutunzwa vizuri zaidi karibu na nyumbani, kwa sababu nauli ya kwenda mjini kila mwezi humlia fedha ya dawa. Wataalamu wa figo ni wachache, na foleni yao iachiwe wanaowahitaji: mwenye uchujaji chini ya 30, mwenye albumini zaidi ya 300, anayepoteza zaidi ya mililita 5 kila mwaka, mwenye shinikizo lisiloshuka kwa dawa nne, mwenye damu kwenye mkojo isiyoelezeka, mtoto, na mjamzito. Kumpeleka akiwa na 28 kunampa yeye na familia muda wa kuzungumza juu ya dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, ambayo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na mzigo wake kwa familia ni mkubwa. Kumpeleka akiwa na 8 kunamnyima muda huo.

Barua ya rufaa iwe na kreatinini zote alizowahi kupimwa, kila moja na tarehe yake, jina la maabara na kizio chake, kwa sababu baadhi ya maabara huandika kwa miligramu na nyingine kwa mikromoli, na 1 mg/dl ni sawa na mikromoli 88.4 kwa lita. Iandikwe pia bandeleti ilionyesha nini na lini, na dawa zote anazomeza, zikiwemo zile alizonunua sokoni. Nakala ya barua hiyo abaki nayo mgonjwa mwenyewe.